Rukanga, Hii ni Voi

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Leo nimepewa ofisi. Ni ile stoo ya nyuma ya duka la Baba, palipokuwa na magunia ya maharagwe, na mpaka sasa inanuka maharagwe. Mafundi wa Nairobi wameweka meza, faksi, kompyuta na redio ya mawasiliano, ya aina ile wanayotumia askari wa mbugani. Mlingoti wake umesimama juu ya paa na watoto wa mtaa wanauzunguka tangu asubuhi. Mama ameitandikia kompyuta kitambaa cha kushona kwa mkono. Anasema kitu cha thamani hakiachwi uchi.

Mradi wenyewe niuandike hapa ili nisijichanganye. Wafadhili wa ng'ambo wametoa ruzuku ya kusaidia biashara za vikundi vya wenyeji, wafanye kazi na wateja wa mbali bila kuhama makwao. Kikundi cha majaribio ni cha wanawake wasusi wa viondo kule Rukanga, chini ya mlima Kasigau. Oda inatoka kwa mnunuzi ng'ambo, inaingia kwenye faksi yangu, mimi naisoma kwa redio, mwenyekiti wao anayeitwa Wakio anaipokea, na kila mwanamke anasuka nyumbani kwake. Hakuna wa kupanda gari, hakuna wa kuacha watoto.

Hapo kwenye watoto ndipo ninapoingia mimi. Tangu niachike nimefanya kazi Mombasa, kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na Nuha nimemwachia Mama. Mtoto ana miaka sita. Humwita bibi yake "mama", na mimi ananiita Saadiya, vile anavyosikia nyumba nzima ikiniita. Bosi wangu wa zamani amenishikia nafasi mpaka mwisho wa Januari, na majaribio ya mradi nayo yanaishia hapo hapo Januari. Viondo vikikubaliwa, mkataba unaendelea nami nabaki na mtoto wangu. Vikikataliwa, narudi bandarini. Sijui nitakaaje mpaka Januari na roho iliyo juujuu hivi.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimejaribu redio mara nyingi mno. Baba amechungulia mlangoni akaniuliza Rukanga wamenikosea nini.

Jumanne, 14 Oktoba

Oda imeingia! Faksi imetoa karatasi polepole mpaka nikataka kuivuta. Viondo vya katani, vyote saizi moja, rangi ya udongo na nyeusi, na vipimo kwa sentimita. Lazima vipande meli kabla ya katikati ya Desemba.

Shida ni kwamba tepu za kupimia zilizoahidiwa kutoka Nairobi hazijafika. Nikampigia simu Bwana Calvince Ajwang', ofisa wa mradi, mwenye sauti nzuri ya kutangaza habari. Akasema, "Ziko njiani, madam. Wewe anza tu." Mtu kama mimi haambiwi "anza tu" mara mbili. Nikaazima tepu ya fundi cherehani wa jirani, nikapima sentimita zao kwa mkono wangu juu ya kaunta ya Baba, nikageuza zote kuwa shibiri. Kina mama wa Rukanga shibiri wanaijua vizuri kuliko sentimita.

"Rukanga, Rukanga, hii ni Voi. Mdomo shibiri moja na nusu, kimo shibiri mbili kasoro vidole viwili. Umenipata? Ova."

"Nimekupata. Shibiri moja na nusu, shibiri mbili kutoa vidole mbili. Ova."

Nikajiona hodari kwelikweli. Jioni mvua ya kwanza imenyesha na mji mzima umetoka kunusa vumbi lililolowa.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimegombana na Wakio, na sijawahi hata kumwona uso.

Anataka wanawake wakae pamoja kusuka, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, kama desturi yao. Nikamwambia dada Wakio, ruzuku hii imetolewa ili kila mtu afanye kazi kwake. Bwana Ajwang' anataka picha za kila mmoja mlangoni pake. Mkikaa pamoja, ripoti nitaandika nini?

"Andika tunasuka."

"Wanajua mnasuka. Wanataka mkae makwenu."

Kisha: "Sawa. Wewe ndiye mwenye ofisi. Ova." Kichwa ngumu huyu mama, atanisumbua.

Jumapili, 19 Oktoba

Mvua.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mvua bado. Redio ya taifa inaiita Elinino, na sasa kila mtu anaitaja kama jina la mgeni aliyekuja kukaa. Nuha amejifunza kuita. Anasimama juu ya kigoda, anashika maikrofoni iliyozimwa na kusema, "Rukanga, Rukanga, hii ni Nuha, umekula nini? Ova." Nimecheka. Kisha akamkimbilia Mama amfunge kamba ya kiatu, nami nilikuwa karibu zaidi.

Jumatano, 5 Novemba

Simu imekufa, faksi nayo. Barabara ya Mombasa inasemekana imekatika mahali, lori zimepangana mpaka nje ya mji. Redio peke yake inafanya kazi. Nimefagia ofisi mara tatu.

Jumanne, 11 Novemba

Heri nisingeamka leo.

Kituku, dereva wa pikapu ya kukodi anayejua njia za kule, alikuwa amekwama Rukanga siku kadhaa. Mvua ilipopumzika akapenya mpaka Maungu, kwenye barabara kuu, na asubuhi hii akaingia Voi matope hadi kwenye paa, na nyuma magunia ya viondo, nusu ya kwanza ya oda. Nilitoka mbio bila viatu. Baba akafunga duka ili aje kuona. Tulivimwaga juu ya mkeka.

Susi yake, wallahi, sijaona mfano. Imebana, ukimimina maji nadhani yatakaa. Rangi ya udongo imekoza, nyeusi imetulia. Nikavipanga mstari, na hapo ndipo nilipoona kasoro. Kimoja kinamtosha mwanamke mnene kwenda sokoni wiki nzima. Kinachofuata ni cha kubebea mayai. Kingine kirefu, chembamba, kingine kifupi mdomo mpana. Hakuna viwili vilivyolingana. Kituku akaegemea pikapu akasema, "Hii ni familia, madam. Baba, mama na watoto."

Sikucheka. Nikaingia ofisini nikafunga mlango.

"Rukanga, Rukanga, hii ni Voi. Dada Wakio, viondo vimekuja kila kimoja na saizi yake! Nilisema shibiri moja na nusu. Mlipima na nini? Ova."

"Na shibiri. Ova."

"Shibiri ya nani?"

"Ya mwenye nyumba."

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Wao husuka pamoja katika nyumba ya mmoja, na kwa kazi hiyo yote kipimo ni mkono wa yule mwenye nyumba. Akiwa na mkono mdogo, viondo vyote ni vidogo. Akiwa na mkubwa, vyote vikubwa. Anapita kwa kila mmoja anaweka kiganja mdomoni mwa kiondo, anasema bado au imetosha. Walifanya hivyo kwa mama zao na bibi zao, na hakuna aliyewahi kuulizwa.

"Sasa mwenye nyumba safari hii alikuwa nani?" nikauliza.

"Ndiyo hiyo," Wakio akasema. "Wewe ulisema kila mtu akae kwake. Kila mtu alikuwa mwenye nyumba."

Nikauliza kwa nini hakunieleza siku ile tulipogombana. Akasema alidhani najua. Mimi nami nilidhani shibiri ni shibiri. Nilikaa pale nikiutazama mkono wangu juu ya meza, mkono niliojivunia juzi. Kwa hasira nikataka kumlaumu Wakio, nikatafuta pa kuanzia, nikakosa.

Alhamisi, 13 Novemba

Simu imefufuka kwa muda wa kutosha kunikasirisha. Bwana Ajwang' anasema mnunuzi hatachukua viondo visivyolingana, na oda ikikosa meli, "Hiyo project itakuwa ngumu sana kuitetea, madam." Tepu? Bado ziko njiani. Nikamuuliza njia ipi. Akasema ana mkutano.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimewaza kamba. Wakio akate kamba kwa kipimo kimoja, azigawe. Nikamwita redioni. Akasema makorongo yote yamejaa, nyumba nyingi ziko ng'ambo, na mtoto hawezi kutumwa kuvuka maji yale. Habari wanapeana kwa kupiga kelele kutoka ukingo huu hadi ule. Sauti inavuka, kamba haivuki.

Rula za shule? Akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Nyingi zimevunjika, na ya mwanawe imeyeyuka kando ya jiko.

Kwa hiyo nataka kipimo cha kupigiwa kelele. Kitu kilichomo tayari katika kila nyumba, na ni kile kile kila nyumba. Vidole, hapana. Sufuria, hapana. Chupa za soda? Nani ana soda Rukanga kwenye mvua hii?

Jumamosi, 15 Novemba

Nimezunguka nyumba mpaka Mama ameniambia nikae kitako, namtia kizunguzungu. Bosi wa Mombasa amepiga simu kuuliza kama bado ninaitaka nafasi. Nimesema ndiyo, na nimejichukia kwa jinsi nilivyolisema haraka.

Jumatatu, 17 Novemba

Nilikuwa nimesimama dukani nikiwa sina la kufanya. Mwanamke mmoja wa kule mashamba ya mkonge, Nabwile, alikuja kununua mahindi. Baba akachota kwa gorogoro, ule mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili ambao Kenya nzima tunapimia nafaka. Nabwile akautwaa mkebe mkononi mwa Baba, akaupindua, akautazama chini.

"Mzee Abdulghani, hii hujaigonga tako?"

"Mama Nabwile! Mimi na wewe tumeanza lini? Hiyo gorogoro ni kama ilivyotoka kiwandani."

Nimelelewa dukani. Nimesikia mzozo huo tangu sijaota meno, kwa sababu wako wafanyabiashara wanaoubonyeza mkebe chini ili uingie kidogo. Lakini leo nilisikia kitu kingine. Kama ilivyotoka kiwandani! Nilimnyang'anya Baba mkebe na mahindi yake ndani, yakamwagika sakafuni, nikakimbia nao nyuma. Nilimsikia akimwomba Nabwile msamaha kwa niaba ya ukoo mzima.

Nikachukua tepu ya fundi. Mikebe miwili ikisimama ubavu kwa ubavu, huo ndio mdomo wa kiondo, ukibakiza kidogo. Mmoja juu ya mwingine, hicho ndicho kimo. Hata ningeviagiza kiwandani visingelingana hivi.

"Rukanga, Rukanga, hii ni Voi! Dada Wakio, ni nani hapo Rukanga hana gorogoro? Ova."

"Hakuna mtu hana gorogoro. Hata kwa kanisa iko."

"Basi mdomo wa kiondo uingize gorogoro mbili zikiwa zimesimama pamoja, zisicheze. Kimo gorogoro mbili zimepandana. Mwenye moja apime mara mbili."

Nikahesabu pumzi zangu.

"Na ile imegongwa tako?" Wakio akauliza.

"Tako lisikushughulishe! Tunapima upana na urefu, si mahindi!"

Hapo akacheka tena, kicheko kirefu, redio ikakwaruza. Kisha akasema subiri, akamwachia mwanawe akishike kitufe, nami nikasikia mlango, mvua, na sauti yake ikipiga kelele kwa Kidawida kuelekea bondeni. Mara nikasikia kwa mbali sana sauti nyingine ya mwanamke ikirudia neno moja ninaloweza kulitambua katika lugha yoyote: gorogoro. Na mbali zaidi, nyingine tena. Nilikaa na maikrofoni mkononi, nikalia.

Jumanne, 18 Novemba

Baba amenidai mahindi yake.

Jumatano, 26 Novemba

Mvua. Wakio ananiita kila asubuhi kunipa habari: fulani amemaliza, fulani paa linavuja anasuka chini ya meza. Nimeanza kumngojea. Akichelewa natoka nje kutazama mlingoti kama umeanguka. Ananiuliza Nuha amekula nini, kwa sababu Nuha siku hizi humuuliza yeye.

Viondo vya ile familia Baba amevitundika dukani. Abiria wa treni wanavipenda, kila mtu anapata kikubwa au kidogo chake.

Ijumaa, 5 Desemba

Makorongo yamepungua. Nimeamua kwenda mwenyewe na Kituku, nivione kwa macho kabla ya kuvipeleka bandarini. Siwezi kufunguliwa magunia mengine juu ya mkeka huu. Nitarudi kesho. Nimemwambia Nuha, akasema, "Haya, Saadiya," akaendelea kuchora.

Jumatatu, 8 Desemba. Rukanga

Naandika nyuma ya karatasi ya faksi. Sijarudi kesho.

Tulifika Ijumaa jioni, tukiwa tumesukuma pikapu kuliko ilivyotubeba. Nikashuka kwa Wakio na kusikia vicheko ndani. Nikafungua mlango. Kikundi chote kilikuwamo! Wamekaa sakafuni miguu wameinyoosha, katani imelowekwa, watoto wamelala katikati ya viondo, na kila mwanamke ana gorogoro yake mapajani. Mwanamke mmoja mwembamba mwenye macho ya utani akainuka. Ndiye Wakio. Nilikuwa nimemchora akilini mnene na mkali.

"Maji ilipungua," akasema. "Tumechoka kukaa kila mtu peke yake. Sasa andika ile ripoti yako."

Wote wakanitazama. Nikafikiria picha za Bwana Ajwang', kila mtu mlangoni pake.

"Nitaandika mnafanya kazi nyumbani," nikasema. "Nyumbani kwa nani, hawajauliza."

Wakacheka, wakanisogezea nafasi. Nikapewa katani nikajaribu kusokota juu ya goti. Nilichotoa mtoto mmoja alikitazama kwa huruma. Viondo nilivipima kimoja kimoja, navyo vimelingana.

Jumamosi mvua ikarudi kama imesahau kitu. Korongo la chini likajaa, Kituku akaenda kulitazama akarudi amevua kofia. Hakuna kutoka. Hapo ndipo nilipoonja dawa yangu mwenyewe. Mimi huku, mtoto kule, na kati yetu redio.

"Rukanga, Rukanga, hii ni Voi." Baba, sauti ya rasmi kabisa. "Binti yangu yupo?" Nikamweleza. Akasema mjukuu hajala tangu mchana. Nikasema mpe Nuha.

Vikwaruzo. Kisha: "Saadiya?"

"Mwanangu."

"Umesema kesho. Leo ni kesho. Ukiwa Mombasa husemi kesho. Unasema mwisho wa mwezi, na mimi najua."

Wanawake wote walikuwa wameacha kusuka nyuma yangu, hata wasiojua Kiswahili vizuri. Nikamwambia mvua imenifungia, nitakuja maji yakipungua. Akauliza yanapungua saa ngapi. Nikasema sijui. Akasema, "Basi usizime redio. Ova." Akaanza kula palepale, kitufe bado amekishika. Nilimsikia akitafuna, na Mama akimwambia asiongee na chakula kinywani. Wakio akanitandikia mkeka karibu na redio bila kuuliza.

Sitarudi bandarini. Sijui nitakula nini, lakini hilo limekwisha.

Jumatano, 10 Desemba

Nyumbani. Matope mpaka kwenye nywele. Nuha amenipokea mlangoni akanikagua juu hadi chini, kisha akaniletea maji ya miguu.

Jumamosi, 13 Desemba

Viondo vimefika Mombasa, vimeingia kwenye kontena. Nimempigia simu mwenzangu wa zamani akavione kwa macho. Amesema vimepangana vizuri mno, hata karani amevisifu.

Jumatatu, 29 Desemba

Uchaguzi. Foleni, matope, wino kwenye kidole. Duka limefungwa, nami sina pa kuzungukia.

Alhamisi, 1 Januari 1998

Ramadhani. Mnunuzi hajasema lolote.

Ijumaa, 9 Januari

Mnunuzi amevikubali vyote na anataka vingine mara mbili yake! Faksi hiyo niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Nilipomsomea Wakio redioni alipiga ukelele uliomfanya Baba aje na fimbo.

Halafu ikaingia faksi ya pili, ya Bwana Ajwang'. Wafadhili wamefurahi sana. Mradi utapanuliwa kwa vikundi vya Chawia na kwingine. Wananitaka niwe mratibu, mshahara mkubwa kuliko wa bandarini. Kituo cha kazi: Nairobi.

Nimeikunja, nimeikunjua. Nairobi!

Jumatatu, 12 Januari

Nimempigia. Niliandaa maneno ya adabu, yote yakanitoka.

"Bwana Ajwang', kazi yenyewe ni kuongea na Rukanga kwa redio. Redio iko hapa. Mimi niko hapa. Nairobi nitafanya nini?"

"Madam, mratibu lazima awe kwa ofisi. Sisi hatuna sistim ya mtu kufanya kazi akiwa mbali."

Nilimwomba arudie. Akarudia, na katikati akajisikia mwenyewe, nikamsikia akiishia njiani. Nikaanza kucheka kwa njaa ya funga na hasira, nikashindwa kuacha. Mwishowe akacheka naye, lakini kidogo. Akasema kwa sauti nyingine, isiyo ya kutangaza habari, kwamba watoto wake wako Siaya na huwaona Krismasi, na Krismasi hii barabara ilikuwa mbaya. Akasema, "Wacha niulize." Nilikuwa nimemweka fungu la watu wa mikutano. Sasa sijui nimweke wapi.

Jumatatu, 19 Januari

Hakuna jibu. Nalala, naamka, nachungulia faksi. Mama anasema nitaitoboa kwa macho.

Jumamosi, 24 Januari

Jibu: hapana. Kanuni haziruhusu. Nije Nairobi au nafasi itatangazwa, na ruzuku ya Voi inakwisha na mwezi huu. Chini, kwa kalamu, ameongeza: "Vifaa vilivyoko Voi na Rukanga viko mbali sana, gharama ya kuvirudisha ni kubwa. Nimependekeza vibaki na kikundi. Wamekubali. C.A." Nimeusoma mwandiko huo mara nyingi.

Nimemwambia Wakio ukweli wote: sina mshahara tena, na bosi wa bandarini anangoja jibu. Akasema, "Subiri. Tukae."

Jumatano, 28 Januari

"Voi, Voi, hii ni Rukanga. Tumekaa. Ova."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwangu. Kwa hivyo mkono ni yangu leo, na mimi nasema hivi. Ile pesa ya viondo inatoka kwa sisi, si kwa wafadhili. Tumesema wewe ni mwanakikundi. Hujui kusuka, hiyo tumekubali. Utapata fungu kama mtu yeyote. Si nyingi. Miezi zingine utapata pojo badala ya pesa. Lakini usiende. Ova."

Sikuweza kubonyeza kitufe. Akarudia, "Voi? Umenipata?"

Nimempata. Nimempigia bosi wa Mombasa, nikamshukuru, nikasema hapana. Baba amesema chumba hanitozi kodi, ila nimlipe yale mahindi.

Ijumaa, 30 Januari. Idd

Jua limetoka. Asubuhi nilikuwa jikoni na Mama tunachoma kaimati, unga mpaka kwenye viwiko, wageni wanabisha hodi, Baba na kanzu mpya anazuia watu wasiingie ofisini kushika kompyuta. Nuha alikuwa huko nyuma na nguo yake ya Idd, amekatazwa kuketi asije akaikunja.

"Mama!" akaita. "Mama, Rukanga wanaita!"

Niliendelea kudondosha kaimati kwenye mafuta. Nilidhani bibi yake atakwenda, huwa anakwenda. Mama hakuinuka. Alinichukulia kijiko mkononi.

"Wewe," akasema. "Nenda, unaitwa."

Nilikimbia. Wakio alikuwa anatutakia Idd njema na kuuliza kama oda mpya ni gorogoro zilezile. Mikono yangu ilikuwa imejaa unga, maikrofoni ikaniteleza, nikashindwa kushika kitufe. Nuha akapanda juu ya kigoda akanibonyezea.